Mbuzi na kuku wetu kwenye baridi ya Minnesota

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Ikungi, Singida. Leo nafuga mbuzi na kuku kwenye shamba la ekari 10 kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Mchana nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, mke wangu anahudumia wazee zamu ya usiku, na mifugo inatupata alfajiri na jioni. Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hukuhuku, wale wanaotamani kuhama nyumba za kupanga mjini wakanunue kashamba, wananiuliza swali moja kila nikikutana nao msibani au harusini: baridi yote ile, mbuzi hawafi?

Hawafi. Ila kinachowaokoa sicho ambacho wengi wetu tuliotoka kwenye joto tungekitafuta kwanza.

Niseme kwanza baridi yenyewe, maana aliyezoea kipupwe cha Njombe au cha Nyandarua anaweza kudhani anaijua. Huku Januari, asubuhi ya kawaida tu ni nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri. Wiki mbaya inashuka mpaka 30 chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis iliamkia 33 chini ya sifuri, na ukitia na upepo, mwilini ilikuwa kama 48 chini ya sifuri. Siku hiyo hata Posta ya Marekani ilisimamisha kusambaza barua katika jimbo hili. Rekodi ya jimbo iko Tower, mji mdogo wa kaskazini: nyuzi 51 chini ya sifuri, 2 Februari 1996. Kwenye baridi ya namna hiyo ukifungua mlango na kuvuta pumzi ya kwanza, vinyweleo vya puani vinaganda hapo hapo. Theluji inalia chini ya buti kila hatua. Ukishika komeo la chuma kwa mkono wenye maji, ngozi inanasa.

Na giza. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Mtu mwenye kazi ya mshahara anahudumia mifugo gizani asubuhi, anarudi kuihudumia gizani jioni, na mchana wa banda lake anauona Jumamosi na Jumapili.

Baba alipoona picha ya kwanza ya banda letu kwenye WhatsApp alipiga simu muda huo huo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hao mbuzi umewawashia moto?"

"Hapana, baba."

"Hapana? Na theluji yote hiyo? Utawamaliza, mwanangu."

Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nilishafundishwa na mzee jirani yetu, mfugaji wa ng'ombe wa nyama aliyezaliwa kwenye shamba analoishi mpaka leo. Alikuja kutusalimia msimu wetu wa kwanza, majani ya miti yakiwa yanaanza kuanguka, akaomba kuona banda. Hakuuliza habari ya hita wala taa. Alipiga magoti, akaweka kiganja chini kwenye matandazo aone kama kuna unyevu. Kisha akasimama mahali mbuzi wanapolala akageuza uso kulia na kushoto, akitafuta upepo unapoingilia. Upande wa kaskazini magharibi, ambako baridi kali ya huku hutokea, alinionyesha nyufa za mbao moja baada ya nyingine tukaziba. Halafu akaniambia nifungue nafasi juu, chini ya paa, nilipokuwa nimepanga kuziba kabisa. Nilimuuliza kwa nini tufungue tena baada ya kuziba. Akasema pumzi za wanyama na mkojo wao lazima vipate pa kutokea, la sivyo vitapanda darini, vigande, na kukikucha vidondoke mgongoni mwao.

Hapo ndipo somo lote lilipo. Mbuzi mkavu, asiyepigwa na upepo, mwenye tumbo lililojaa, anaumudu usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri. Mbuzi aliyelowa anaweza kukufia kwenye baridi ndogo tu, ile ambayo mtu mzima anatoka nje na sweta.

Nilipomweleza baba hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Upepo, hapo nakuelewa." Singida upepo hatuhadithiwi. Mwezi wa Julai usiku, mbuzi kwenye zizi la miiba wanajibana wote upande mmoja, na ni yeye baba aliyetufundisha kuongeza miiba na mabua upande ule. Alichokuwa hajakiona ni namna mnyama yule yule anavyobadilika akiletwa huku. Kuanzia Septemba mbuzi wetu wanaota manyoya ya pili, mafupi na laini, chini ya yale ya kawaida. Ukipenyeza vidole mpaka kwenye ngozi usiku wa Januari unakuta joto. Mzee jirani alinifundisha kuangalia mgongo: mbuzi akitoka nje akarudi na theluji mgongoni, na theluji ile ikakaa bila kuyeyuka, basi yuko salama, joto lake halivuji.

Joto lenyewe linatoka tumboni. Mbuzi ana tumbo kubwa la kwanza lililojaa vijidudu vinavyochachusha majani, na uchachushaji ule unatoa joto saa nyingi mfululizo. Kwa hiyo usiku wa baridi kali naongeza hei, yaani majani ya malisho yaliyokaushwa, si mahindi. Mahindi yanameng'enywa haraka yakaisha. Majani makavu yenye nyuzinyuzi yanafanya kazi mpaka alfajiri. Natazama utabiri wa hali ya hewa, na ukisema usiku utashuka, najaza hori jioni mpaka hei inamwagika. Asubuhi nikiingia na tochi ya kichwani nawakuta wamelala wamebanana, mvuke ukiwapanda, na karibu wote wanacheua. Mbuzi anayecheua sina wasiwasi naye. Yule aliyesimama peke yake kajikunja mgongo ndiye ninayemwendea kwanza.

Hei hiyo inanunuliwa Juni mpaka Agosti, jua likiwa kali. Anayengoja theluji ndipo aanze kutafuta majani atayalipa kwa bei ya mwenye nayo. Na atofautishe hei na mabua ya ngano: hei ni chakula, mabua ni kitanda. Duka la pembejeo litakuuzia vyote viwili bila kukuuliza unapeleka wapi.

Sasa maji. Kazi ya majira ya baridi, kwa sehemu kubwa, ni maji. Watu wanaogopa theluji, lakini theluji unaikwangua kwa beleshi na ikilundikana ukutani mwa banda inazuia upepo, inasaidia. Maji ndiyo yanayokutoa kitandani. Mbuzi asiyekunywa hali, na asiyekula hana moto tumboni, kwa hiyo ndoo iliyoganda usiku kucha ni hatari kuliko kipimajoto chochote.

Shamba letu lina bomba la uani la namna ya huku. Juu unaona mkono wa chuma tu, lakini vali yake iko ardhini kabisa, chini ya kina ambacho udongo unaganda. Sheria ya ujenzi ya jimbo inataka misingi ichimbwe inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini, yaani zaidi ya mita moja mpaka mita moja na nusu, kwa sababu baridi inashuka ardhini mpaka huko. Ukifunga bomba hilo, maji yaliyobaki kwenye mlingoti yanashuka yenyewe na kunyonywa na kokoto chini, hakuna kinachobaki juu kikaganda. Linafanya kazi vizuri sana kwa sharti moja: usiache mpira wa maji umeunganishwa. Mpira ukibaki, maji hayashuki, na asubuhi una bomba lililopasuka chini ya udongo ambao hata sururu haiuingii mpaka Aprili. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya meza ya kuzidisha.

Ndoo za plastiki ngumu zinapasuka barafu ikivimba. Tunatumia beseni nyeusi za mpira, zile nzito. Unaligeuza beseni, unalikanyaga kwa kisigino, pande la barafu linatoka zima na beseni halina hata ufa. Nyuma ya banda mwezi Februari kuna mlima wa mapande hayo ya mviringo, na watoto wanajengea ukuta. Zipo pia ndoo zenye waya wa umeme ndani yake, zinazuia maji yasigande tu, haziyachemshi. Nazo ni nzuri, ila waya wake uzungushiwe bomba au mbao, kwa kuwa mbuzi hutafuna chochote. Jioni nawapelekea maji ya uvuguvugu kutoka ndani ya nyumba. Wanakunywa bila kuinua kichwa, unasikia koo tu.

Kuku nao wana habari yao. Singida tunajivunia kuku wetu wa kienyeji, na mke wangu asingekubali shamba lisilo na kuku. Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi na manyoya yanayofanya kazi yake, kwa hiyo mwili wake hauna shida sana. Shida iko kwenye upanga wa kichwani na vidole. Upanga mkubwa wa jogoo unaganda nchani, unageuka mweusi na kukatika. Wengi wakiona hivyo wanaziba banda la kuku kila tundu, na wanazidisha ubaya, maana kinyesi cha kuku kina maji mengi, na hewa yenye unyevu ndiyo inayounguza upanga kuliko hewa kavu iliyo baridi zaidi. Ukiingia bandani asubuhi macho yakakuwasha kwa harufu ya kinyesi, au ukakuta kioo cha dirisha kina barafu kwa ndani, fungua matundu ya juu. Fito za kulalia tumeweka ubao mpana, upana wa bapa la mkono, ili kuku akilala avikalie vidole vyake vyote kwa tumbo. Ufito mwembamba wa mviringo unaacha ncha za vidole nje.

Mayai yanapungua, na hilo si ugonjwa. Mtetea anahitaji mwanga wa saa 14 hivi kwa siku ili atage vizuri, na Desemba huku mwanga wa mchana hautimizi saa 9. Wengine wanaweka taa ndogo yenye saa ya kujiwasha alfajiri. Sisi tunawaacha wapumzike, mke wangu ndiye aliyeamua hivyo, na nakubaliana naye. Yale machache wanayotaga lazima yaokotwe mapema, yakichelewa yanaganda na ganda linapasuka kwa urefu.

Kuhusu moto nasema bila kuzunguka. Taa nyekundu za joto zinazoning'inizwa juu ya maranda na majani makavu zimeteketeza mabanda mengi kwenye majimbo ya baridi. Kamba inakatika, mbuzi anairukia, vumbi linaishika balbu, basi. Na kwa upande wa watu: jiko la mkaa ndani ya nyumba au gereji iliyofungwa linaua kwa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Nyumbani kila kipupwe tunasikia familia imelala na jiko isiamke. Huku wageni kutoka Afrika Mashariki nao wanakumbushwa, maana umeme ukikatika usiku wa theluji, mkono unaenda kwenye kile ulichokizoea. Nunua kifaa cha kunusa hewa hiyo, kile kinachopiga kelele, ukiweke karibu na vyumba vya kulala. Nawasihi, hili msilichukulie kirahisi.

Mashine niziseme kwa ufupi. Dizeli ya kawaida kwenye baridi kali inafanya utando na kuganda kama samli, inaziba chujio, trekta linazimika uwanjani. Kabla ya Desemba jaza dizeli ya majira ya baridi. Injini ina hita yake ya kuchomeka kwenye umeme. Ichomeke saa chache kabla ya kuwasha. Betri iliyochoka wakati wa joto itakufa Januari, hilo hesabu limekwisha.

Mavazi: acha pamba. Pamba inashika jasho, na jasho likipoa limekwisha kuwa adui yako. Tunavaa nguo nyembamba za sufu mwilini, nyingine juu yake, kisha koti zito la kukinga upepo. Glovu zisizogawanya vidole zina joto kuliko zenye vidole. Upepo ukiifanya baridi isikike nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya nusu saa, na ikizidi hapo muda ni mfupi zaidi. Sehemu ikigeuka nyeupe na kufa ganzi, ingia ndani. Usiisugue kwa theluji hata kama umesikia mtu anasema hivyo.

Usiku mmoja wa Februari ulitufundisha habari za uzazi. Tulimnunua mbuzi jike tayari ana mimba, akazaa mapema kuliko tulivyoambiwa, karibu saa 10 alfajiri. Nilipofika, mmoja alikuwa ameshasimama ananyonya. Wa pili alikuwa amelala kwenye kona, bado ameloa, shingo imelegea. Nilimtia kidole mdomoni. Mdomo ulikuwa baridi kabisa, na mtoto wa mbuzi ambaye ndani ya mdomo wake ni baridi hana muda.

Nilimkimbiza ndani chini ya koti. Mke wangu ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu, hajavua hata viatu. Alimtazama akasema, "Maziwa ngoja. Apate joto kwanza." Ni kweli. Mtoto aliyepoa namna ile tumbo lake limesimama, ukimmiminia maziwa yatakaa humo au yataingia mapafuni. Mke wangu alichukua mfuko mkubwa wa plastiki, akamtia ndani kichwa kikiwa nje, akamshika kwenye karai la maji ya moto ya kuvumilika kwa kiwiko. Mfuko ule ni kwa ajili ya mama: maji yakimgusa mtoto yanaosha harufu yake, na mama akimnusa baadaye anamkataa. Alikaa pale magotini na sare yake ya kazi, anaongeza maji kila yakipoa, mkono wake mmoja chini ya kidevu cha yule mtoto. Ulipita muda mrefu kabla hajatikisa sikio. Kisha akalia, sauti nyembamba, na alipotiwa kidole tena akakinyonya.

Hapo ndipo tulipomkamua mama tukampa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Lazima yafike tumboni saa za mwanzo kabisa, kwa sababu kinga ya mama iliyomo inapita kwenye utumbo wa mtoto siku ile ya kwanza tu, baada ya hapo mlango umefungwa. Tukamkausha mpaka chini ya mkia na ndani ya masikio, tukamrudisha, mama akamlamba. Ncha za masikio yake zilikauka na kudondoka baada ya wiki kadhaa. Yuko mpaka leo, tunamwita Kasikio, na mwaka uliopita alizaa mapacha.

Tangu hapo beberu wetu anakaa zizi lake peke yake mpaka katikati ya Novemba. Hili mfugaji wa Singida anahitaji kuelezwa, kwa sababu nyumbani mbuzi huzaa mwezi wowote. Huku mbuzi wengi huingia joto, yaani hutaka beberu, mchana unapofupika, kuanzia Septemba hivi, na mimba ni siku 150 au zaidi kidogo. Ukimwachia beberu Septemba unakuta watoto Februari, kwenye theluji. Sisi tunamwachia katikati ya Novemba, watoto wanaanza kuzaliwa katikati ya Aprili. Wateja wanaotaka mbuzi mkubwa wa sikukuu mapema wanalalamika kidogo. Tunawaeleza, wanasubiri.

Na ukitaka kujua ni wakati gani mifugo yetu inakohoa zaidi, si ile wiki ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ni zile siku za joto kidogo katikati ya majira, na tena Machi theluji inapoyeyuka, mvua nyepesi inanyesha mchana na usiku inaganda. Manyoya yanalowa, sakafu inakuwa tope, watu wanatoka na fulana wanasema baridi imekwisha. Siku hizo mimi hununua mabua ya ngano zaidi kuliko wiki yoyote ya Januari, natandika juu ya matandazo ya zamani bila kuyatoa, kwa kuwa yale ya chini yameanza kuoza na yanatoa joto. Kufikia Aprili sakafu imepanda mpaka inabidi niiname mlangoni.

Tunaitoa yote Mei kwa trekta, tunailundika nyuma ya banda ioze vizuri. Ile iliyolundikwa mwaka uliotangulia ndiyo tunayopandia mchicha, maboga na mahindi ya kuchoma, baada ya katikati ya Mei, baridi za usiku zikishapita.